Ambulensi Bila Dawa, na Bei Tusiyotaka Kuitaja

Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa kata hapa Bigwa, siku tulipojadili azimio la magari ya wagonjwa. Mvua ilikuwa inapiga bati na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, ndiyo maana wengi mmeniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokuja kutusikiliza, shikamooni. Makamanda, dada zangu na kaka zangu, habari za jioni.

Azimio lililo mbele yetu ni fupi, nimelisoma mara tatu. Linasema kila gari la wagonjwa la serikali libebe dawa za dharura. Mpaka hapo mimi mkono juu, miguu juu. Halafu linaongeza: gari lolote lisilo na dawa hizo lisiruhusiwe kutembea barabarani. Hapo ndipo ninapoomba tukae chini kidogo. Na kuna kitu hakimo kabisa ndani ya azimio, nacho ni pesa. Hakuna mstari unaosema itagharimu kiasi gani, hakuna unaosema nani atalipa. Tumeandika kama watu wanaoagiza chakula hotelini bila kuuliza bei, wakati mfukoni tunajijua.

Najua mtaniambia bei ni kazi ya serikali, sisi wapinzani kazi yetu ni kudai. Sikubali. Dai lisilo na bei ni rahisi sana kulijibu. Waziri anasimama, anasema "wazo zuri, tutalifanyia kazi bajeti ikiruhusu", watu wanapiga makofi, imeisha hiyo. Dai lenye bei linamlazimisha aseme kama bei ni ya uongo, au aseme kwa nini hataki kuilipa. Mimi nataka afike hapo pa pili.

Kwanza tukubaliane tunaongelea nini. Kwetu ukisema ambulensi, watu wanaona Land Cruiser nyeupe yenye king'ora. Hiyo ni gari. Nilikuwa ndani ya mojawapo. Mama yangu mdogo alijifungua kule juu, upande wa Matombo, damu ikakataa kukata. Kituo, sitakitaja, kikaandika rufaa. Gari likaja, na tulishukuru, maana wapo waliobebwa kwa machela kutoka milimani mpaka barabarani na gari wasilione. Ndani kulikuwa na kitanda, blanketi, tairi ya akiba na mtungi wa oksijeni ambao mshale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri. Muuguzi tuliyepewa alikuwa dada mdogo, nadhani ananizidi miaka miwili. Alimkanda mama tumbo njia nzima, hakuacha hata sekunde, na lile gari linavyoruka kwenye makorongo mnalijua. Tulipokaribia mjini akamwambia dereva asimame kwenye duka la dawa. Mjomba akashuka na elfu arobaini, akarudi na dripu mbili na sindano. Duka lilikuwa wazi. Mama mdogo yupo, mtoto yupo, anaota meno.

Sasa hiyo elfu arobaini ya mjomba ni nini? Kwa lugha ya bajeti haipo. Haijaandikwa popote. Ukisoma vitabu vya halmashauri utaona safari ile ilitumia mafuta tu. Dawa za dharura ndani ya ambulensi zinalipiwa kila siku katika nchi hii. Zinalipiwa na mjomba aliye na elfu arobaini mfukoni saa tano usiku, na asipokuwa nayo zinalipiwa kwa namna nyingine ambayo sitaki kuisema mbele ya wazee. Kwa hiyo tukiambiwa kuweka dawa kwenye magari kutaongeza gharama, tujibu kwamba gharama ipo tayari. Tunachoomba ni kuihamisha, itoke mfukoni kwa mjomba iingie kwenye mfuko tunaouchangia wote.

Haya, dawa zenyewe ni zipi? Mimi nasoma sheria, sisomi udaktari, kwa hiyo nimekaa na watu wa afya wakanieleza polepole. Sanduku la dharura la gari halihitaji kuwa duka. Kwa mama anayevuja damu kuna oksitosini, kuna vidonge vya misoprostoli, na kuna dawa inayoitwa traneksamiki, ya kusaidia damu igande. Hii ya mwisho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2017 itolewe ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Saa tatu, jamani. Hebu toka Kisaki mpaka Morogoro mjini wakati wa masika halafu uniambie saa tatu zimebaki ngapi. Kwa kifafa cha mimba kuna magnesiamu salfeti, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba inapunguza kwa nusu hivi hatari ya mama mwenye shinikizo la mimba kupata degedege. Kuna adrenalini kwa mwili uliopatwa na mzio mkali. Kuna glukosi kwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka. Kuna maji ya dripu, oksijeni, na dawa ya kutuliza degedege la mtoto.

Hakuna hata moja ya kisasa sana hapo. Ni vitu ambavyo kituo cha afya kinatakiwa kuwa navyo tayari, vinavyopita Bohari ya Dawa kila siku. Basi kwa nini gari halina? Jibu nililopewa lilinishangaza kwa urahisi wake: gari si kituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zahanati ina akaunti, kituo cha afya kina akaunti, hospitali ina akaunti. Ambulensi ni chombo cha usafiri, inaishi kwenye kifungu cha mafuta na matengenezo. Dawa zake zitatoka kwenye stoo ya kituo ambako gari linalala, na huyo mganga mfawidhi naye ana wagonjwa wa kwake wanaosubiri kwenye benchi. Ukimwambia atoe ampuli tano azifungie kwenye gari zisubiri dharura ya kesho, anakuangalia tu. Mimi simlaumu.

Sasa tupige hesabu. Hizi si takwimu za serikali wala za utafiti, ni mfano wangu wa daftari, kila mtu anaweza kubadilisha namba akaona inakuwaje. Tuchukulie halmashauri yenye magari kumi ya wagonjwa. Sanduku la kila gari tulijaze kwa shilingi laki tatu. Tulijaze upya mara sita kwa mwaka, kwa kuwa dawa zinatumika na nyingine zinaisha muda wake zikiwa zimekaa. Magari kumi, mara laki tatu, mara sita. Ni milioni kumi na nane kwa mwaka. Gari moja jipya la kutembelea kigogo linazidi milioni mia mbili, na hapo sijahesabu mafuta yake. Kwa hesabu hii gari hilo moja ni zaidi ya miaka kumi na moja ya dawa kwa ambulensi zote kumi.

Nilipofika hapa kwenye daftari nilifurahi, nikataka kufunga. Ila yule dada muuguzi hakuniacha. Dawa haijidungi.

Magnesiamu ikitolewa vibaya inaweza kusimamisha pumzi ya mama. Oksitosini inatakiwa kukaa kwenye baridi, nyuzi mbili mpaka nane, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Mvuha saa nane mchana mnajua ni jiko. Lazima liwepo kasha la barafu kama yale ya chanjo, na mtu wa kubadilisha barafu. Morfini kwa aliyeungua au kuvunjika ni dawa inayofungiwa kwa kufuli na kuandikwa kila tone, huwezi kumwachia dereva funguo. Kwa hiyo ukiamuru dawa, umeamuru mtu, hata kama hukumtaja. Mtu ndiye ghali.

Turudi kwenye daftari. Ukitaka kila gari liwe na mhudumu wake saa ishirini na nne, siku saba, unahitaji watu wanne kwa gari kwa uchache, maana wiki ina saa 168 na binadamu analala. Magari kumi, watu arobaini. Tuweke mshahara wa laki saba kwa mwezi, kwa kukadiria. Ni milioni 336 kwa mwaka. Dawa zilikuwa kumi na nane. Mnaona? Watu ni karibu mara kumi na tisa ya dawa. Na mtu yeyote wa Hazina akisoma azimio letu ataiona hiyo 336 kabla ya kumaliza sentensi ya kwanza, hata sisi tukijifanya hatuioni.

Ipo njia ya katikati, na ndiyo ninayoitetea. Muuguzi wa kituo asindikize mgonjwa kama inavyofanyika sasa, ila alipwe posho ya safari na awe amefundishwa kazi ya njiani, ambayo si sawa na kazi ya wodini. Tuseme kila gari linafanya safari tatu kwa wiki, posho elfu ishirini. Safari 1,560 kwa mwaka, milioni 31 na laki mbili. Ukijumlisha na dawa ni milioni 49 na laki mbili. Hapo tumeongea kitu ambacho baraza la madiwani linaweza kukijadili bila kucheka. Shida inayobaki ni kwamba muuguzi akiondoka usiku, kituo kinabaki na nani? Pale penye muuguzi mmoja wa zamu, kumsindikiza mama mmoja ni kumwacha mwingine kwenye kitanda cha kujifungulia. Hilo posho hailitatui. Linahitaji ajira, na ajira za afya zipo mikononi mwa serikali kuu. Tuliseme wazi kwenye azimio, tusilifiche chini ya neno "dawa".

Niwape mfano wa mbali kidogo, utatusaidia kwenye maneno ya kuandika. Marekani nako walibishana kuhusu ambulensi kubeba adrenalini. Iko kwenye kalamu maalumu ya kudunga, EpiPen, ambayo hata mtu asiye muuguzi anaweza kuitumia. Jozi ya kalamu hizo ilikuwa kama dola mia moja mwaka 2007. Kufika 2016 bei yake ilikuwa imefika kama dola mia sita, na kelele zikaenda mpaka bungeni kwao. Lakini adrenalini yenyewe, ile ya kwenye kichupa, ni ya bei ndogo sana. Kule King County, ulipo mji wa Seattle, wakaacha kalamu. Wakawafundisha wahudumu wa ambulensi kuvuta dawa kwenye kichupa kwa bomba la sindano la kawaida, wakawatengenezea kifurushi chenye maelekezo, gharama ikashuka mno. Dawa ile ile. Kilichobadilika ni neno lililoandikwa kwenye orodha, pamoja na mafunzo.

Ndiyo maana sisi watu wa sheria tunasumbua watu kwa maneno. Ukiandika "oksitosini" bila kuandika kasha la baridi, umenunua maji. Ukiandika "dawa zote za dharura", mtu atakuuliza kama na dawa ya sumu ya nyoka imo, na hapa Uluguru ni swali la haki kabisa, wakulima wanaumwa. Lakini hiyo ni ghali, nyingi zinataka baridi, na yenyewe inaweza kuleta mzio mkali wa kuua. Kwa hiyo mahali pake ni hospitali, siyo gari. Gari libebe adrenalini, dripu, na mtu anayejua kwamba mguu haufungwi kamba mpaka ukawa mweusi.

Nakuja kwenye sheria yenyewe. Baadhi yenu mnasema mbunge wetu apeleke muswada binafsi. Someni ibara ya 99 ya Katiba. Bunge halishughulikii jambo la kutoza kodi au la kutoa fedha kwenye mfuko mkuu wa serikali mpaka Rais awe ametoa pendekezo, na pendekezo hilo liwe limeletwa na waziri. Maana yake muswada wa mbunge wa kawaida unaoamuru serikali inunue dawa na kuajiri wauguzi unaweza kukwama mlangoni. Sheria hiyo inawabana hata wabunge wa chama tawala, ila wao hawajali, kwa sababu waziri ni wa kwao. Hapo ndipo mnaona kwa nini bei ina nguvu kuliko hasira. Kinachogusa fedha za taifa kina mlango mmoja, na funguo hatuna.

Wengine mnasema twende mahakamani. Njia ipo, ni nyembamba. Ibara ya 11 inayozungumza kuhusu msaada wakati wa maradhi imekaa kwenye sehemu ambayo ibara ya 7(2) inasema mahakama haiwezi kuitilia nguvu. Ni nzuri kwa kusoma. Ibara ya 14, haki ya kuishi, hiyo mahakama inaweza. Lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwa kiapo jinsi jambo hilo lilivyomgusa yeye mwenyewe. Kwa sharti hilo hukuweza kwenda tu kwa niaba ya umma. Ilibidi apatikane mama mdogo wa mtu, akubali jina lake lisomwe kortini, akubali maswali. Nani kati yetu angemwomba mama yake hilo? Mimi wa kwangu sijamwomba.

India walilifikisha. Mwaka 1992 mtu mmoja alianguka kutoka kwenye treni huko West Bengal, akaumia kichwa, akazungushwa hospitali za serikali moja baada ya nyingine, vitanda hakuna. Aliishia hospitali binafsi kwa pesa zake. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, Paschim Banga Khet Mazdoor Samity, kikashirikiana naye kushtaki. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ikasema haki ya kuishi imevunjwa, na kwamba serikali haiwezi kujificha nyuma ya ukosefu wa fedha pale maisha yanapohitaji huduma ya dharura. Ikaagiza mpaka magari ya kuhamisha wagonjwa yawe na vifaa na watu wa tiba ndani yake. Vifaa na watu, vyote viwili. Majaji walikuwa wameshafika mahali ambapo azimio letu halijafika.

Jirani zetu Kenya waliandika kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maneno mazuri mno. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2015, majeruhi wa ajali alikaa ndani ya ambulensi Nairobi kama saa kumi na nane akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafa. Nchi nzima ililia. Katiba haikuwa imebadilika, kilichokosekana ni nani analipa na nani anapokea. Mwaka 2023 ndipo wakatunga sheria yenye mfuko maalumu wa dharura na magonjwa sugu. Kama unafanya kazi vizuri ni mjadala wao, lakini angalau haki imepewa mfuko.

Sasa kile kipande ninachokipinga. "Gari lisilo na dawa lisitembee." Makamanda, mnaifahamu barabara hii inayoanzia hapa hapa Bigwa, inakwenda Matombo, Mvuha, mpaka Kisaki. Tumeisikia kwenye ahadi za kampeni tangu tuko mgongoni. Kule ndani, gari lisilo na dawa ni bora kuliko machela. Ukiliegesha kwa sababu sanduku halijajazwa, umemrudisha mama kwenye mabega ya vijana wanne. Na halmashauri itafurahi, niamini, maana ni rahisi kuegesha gari kuliko kununua dawa. Itatundika karatasi: gari limesimamishwa kwa mujibu wa sheria mliyoidai wenyewe.

Kuna na hili la m-mama. Mpango huu ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukatangazwa kuenea nchi nzima. Unapiga 115 bure, na ambulensi isipokuwepo anatafutwa dereva wa jamii, mwenye teksi au gari lake, analipwa kwa safari. Najua kwenye kikao cha upinzani si jambo tamu kusifia, ila ukweli ni ukweli. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha 556. Tusibishane na namba kwa sababu ya rangi ya bendera. Sasa yule dereva wa teksi, azimio letu linamweka wapi? Kama naye ni "gari la wagonjwa", hana sanduku, hana muuguzi, tumempiga marufuku. Kama si gari la wagonjwa, tumeandika sheria inayowaacha nje wale wanaosafiri na msaada mdogo kuliko wote. Napendekeza ngazi mbili. Ambulensi ya serikali ibebe sanduku kamili na mtu. Gari la jamii libebe kifurushi kidogo kisichohitaji utaalamu, na dereva afundishwe kumlaza mgonjwa, kukandamiza jeraha na kupiga simu mbele ili hospitali ijiandae.

(Hapo mzee mmoja aliuliza: "Na Msamvu je?" Nikamjibu hivi.)

Shikamoo mzee. Msamvu sijaisahau, hakuna mtu wa Morogoro anayeisahau tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lililipuka, waliofariki walizidi mia moja. Majeruhi wengi walipelekwa Muhimbili, karibu kilomita 190. Aliyeungua mwili anahitaji maji mengi mwilini na dawa ya maumivu katika kila kilomita ya hizo. Siku kama ile hakuna sanduku la laki tatu litakalotosha, nisikudanganye. Lakini mji uliokaa kwenye barabara kuu, malori usiku kucha, unatakiwa uwe na akiba ya dharura inayojulikana iko wapi na nani ana funguo. Naomba hilo nalo liingie kwenye azimio kama kipengele chake, lisichanganywe na sanduku la kila siku.

Mwenyekiti, namalizia na ninachoomba tubadilishe. Kipande cha "lisitembee" kifutwe, badala yake iandikwe kwamba safari yoyote ya rufaa iliyofanyika bila dawa au bila mhudumu iandikwe kwenye daftari la gari, na jumla yake isomwe kwenye baraza la madiwani kila robo mwaka. Madiwani wengi si wa kwetu, sawa, lakini namba ikisomwa kwa sauti inaingia kwenye muhtasari, na muhtasari unaombwa. Orodha ya dawa iandikwe kwa jina la dawa, siyo kwa jina la kifaa wala kampuni. Halmashauri itenge kwenye mapato yake ya ndani kifungu cha dawa za magari na posho ya wasindikizaji, kitajwe kwa jina lake, kisizikwe kwenye mafuta. Atakayesema sheria haiwezi kufunga mapato ya halmashauri, mwonyesheni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Inawezekana, imeshafanyika. Mwonyesheni pia kwamba Aprili 2023 mikopo hiyo hiyo ilisimamishwa kwa tamko, sheria ikiwa bado ipo kitabuni, ili tusilale tukidhani kifungu kinajilinda.

Na kabla hatujapeleka azimio popote, tuandike barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku thelathini kujibu. Nimeandaa maswali manne kwa halmashauri zote mbili, manispaa na wilaya: magari ya wagonjwa yako mangapi na yanalala wapi, mangapi yanatembea leo, mwaka wa fedha uliopita zilitumika shilingi ngapi kwa dawa za magari hayo, na safari ngapi za rufaa ziliondoka bila mhudumu wa afya. Wakijibu, tutafuta namba za kwenye daftari langu na kuweka za kwao. Wasipojibu, siku ya thelathini na moja tunaandika nyingine, nakala kwa mkurugenzi na kwa vyombo vya habari.

Barua inahitaji jina na sahihi ya raia, siyo muhuri wa chama. Nimesaini ya kwangu. Karatasi iko kwa katibu, pale mezani, na kalamu ipo.